Mrija wa Tahira

Jumatatu, 19 Februari 2001

Daftari hili ni la mahudhurio ya darasa la tatu. Majina thelathini na nane yako mbele. Mimi nimeanzia nyuma. Shule imefungwa tangu wiki iliyopita, risasi zilipoanza kusikika vilima vya juu, na sijui kukaa bure bila kuandika.

Mdogo wangu Tahira amepasuliwa jana. Alikuwa na homa ya matumbo siku kumi na mbili, sisi tukadhani malaria, tukampa vidonge vya dukani. Jumamosi tumbo likawa gumu kama ubao. Utumbo umetoboka. Dokta Cubaka, Mkongomani wa Bukavu, amemshona kwa saa tatu, jenereta ikizimika mara mbili. Alipotoka alikuwa amelowa jasho mpaka kwenye soksi. Akaniambia, "Mwarimu, iko hai. Tuendelee kuomba."

Hospitali yenyewe ni ghala la zamani la mawese, hapa hapa Rumonge. Wazungu wa upasuaji waliligeuza wodi mwaka jana. Barabara ya Bujumbura ilipochafuka wakaondoka, wakaacha vitanda, dawa kiasi, na Dokta. Kuta bado zinanuka mawese. Mume wa Tahira, Hakimu, yuko Kabonga na boti yake ya uvuvi. Nimemtumia habari kwa wavuvi wenzake.

Jumanne, 20 Februari

Nimegombana na muuguzi mkuu. Jina lake Pascasie. Mrefu, mkavu, hacheki.

Nilikuwa nimemshika Tahira mkono ule wenye sindano ya seramu, yale maji ya dripu. Akanijia kutoka upande wa pili wa wodi.

"Umenawa?"

"Mimi ni dada yake."

"Sikuuliza undugu. Nimeuliza kama umenawa."

Mbele ya watu wote! Mimi ninayewakagua watoto kucha kila Jumatatu. Nilikwenda kwenye ndoo yenye bomba, nikanawa, nikarudi. Akanitazama mikono. Akanirudisha tena, eti sikusugua kati ya vidole.

Alhamisi, 22 Februari

Mvua kutwa. Tahira amelala tu.

Jumapili, 25 Februari

Mambo yameharibika. Mshono wa ndani haukushika. Maji ya kijani yanatoka kwenye jeraha, wamemfungia mfuko tumboni wa kuyakinga. Dokta amesema utumbo upumzike: asile, asinywe, wiki tatu, pengine nne. Chakula kitapita kwenye mishipa, na wazungu waliacha makatoni ya hicho chakula cha maji. Lakini mishipa ya mikono imekwisha. Imevimba, imekuwa migumu kama kamba za wavu. Leo wamemtoboa mara saba, na sindano ya mwisho haikukaa hata saa moja.

Tahira hakulia. Aliniambia, "Dada, sasa mimi nimekuwa chujio."

Mtu wa miaka ishirini na minne, anayeuza vitumbua sokoni na kuwachekesha wateja mpaka wanasahau chenji yao. Midomo imempasuka kwa kiu.

Jumatatu, 26 Februari

Dokta alitaka idhini yangu ya kumtia mrija chini ya mtulinga, mfupa huu wa juu ya kifua, uingie kwenye mshipa mkubwa, ncha yake ifike karibu na moyo. Niliposikia neno moyo nikakataa. Dokta akaanza kunieleza kwa Kifaransa cha vitabuni. Pascasie akamkatiza, akaniita pembeni kwenye dirisha.

"Mwarimu, nitakuambia ukweli wote, kisha uamue. Bila mrija, dada yako atakufa kwa njaa na kiu katika siku chache. Mrija nao una hatari yake. Ni njia ya moja kwa moja mpaka ndani ya damu. Vijidudu vya kwenye ngozi vinatambaa juu yake, vinaingia. Vikiingia, homa inapanda, mtu anatetemeka, siku mbili tatu hayupo. Nimeyaona hayo kwa macho yangu."

"Sasa unanishauri nini?"

Akatoa ufunguo shingoni, akafungua kabati, akanionyesha katoni ndogo. "Wale madaktari waliacha mirija kumi na miwili ya aina mpya. Imepakwa dawa. Fedha hii hii ya vidani imo ndani ya hiyo dawa, na kitu kingine cha kuua vijidudu. Kijidudu kikitaka kutambaa juu yake, kinakufa. Tumeshatumia mitatu. Wote watatu hawajapata homa ya damu."

"Kwa hiyo ni salama."

"Sikusema salama. Nimesema wote watatu hawajapata."

Sijui kwa nini jibu hilo ndilo lililonishawishi. Labda ni kwa sababu hakuniuzia kitu. Nikatia sahihi.

Dokta aliuingiza saa nane mchana. Nilichungulia kupitia ufa wa mlango. Dokta mwenyewe alinawa kwa kuhesabiwa na Pascasie, dakika kamili, kisha mara ya pili, kwa sababu kiwiko kiligusa ukingo wa meza. Dokta mzima! Akarudi, akanawa.

Jumanne, 27 Februari

Mrija uko chini ya mtulinga wa kulia, mweupe, mwembamba kuliko nilivyodhani, umeshonwa kwa uzi mmoja ili usitoke. Juu yake kuna shashi safi. Chakula kinatiririka, kama maziwa yaliyochanganywa na maji.

Nimejifunza taratibu za Pascasie. Hakuna kugusa kiungo cha mrija isipokuwa yeye au muuguzi wa zamu. Kila wakigusa: kunawa kwa sabuni, kisha alkoli mikononi, kisha kusugua mdomo wa mrija kwa alkoli na kusubiri ukauke. Huo ndio wakati mgumu, wa kusubiri. Wengine wote wanaharakisha. Yeye anasimama na kuhesabu kimoyomoyo, midomo ikichezacheza kama ya mtu anayevuta tasbihi.

Alhamisi, 1 Machi

Mvua. Bati linavuja juu ya kitanda cha tano. Siku ya tatu, hakuna homa.

Jumamosi, 3 Machi

Shangazi Wema amekuja na kombe. Shehe ameandika aya kwenye sahani kwa zafarani, akazisuuza, maji yamo kwenye chupa ya soda. Alitaka Tahira anywe, na yanayobaki yapakwe "hapo kwenye hilo dude la kifuani."

Mlangoni alikuwa ameshanitia maneno. "Huyo mama muuguzi ni wa huko juu, Bururi. Watu wa huko mimi siwaamini. Unajuaje kilichomo ndani ya mrija?" Nimwambie nini? Miaka minane tunaishi hivi, kila mtu akipima jina la mwenzake na kilima alikotoka kabla ya kumpa hata maji. Na mimi, nikiri hapa ambapo hapana mtu wa kusoma, nimempima Pascasie hivyo hivyo.

Pascasie akatukuta Shangazi amekwisha fungua chupa. Nikajua leo kutakuwa na vita ndani ya wodi.

Akasema kwa upole ambao sikuwahi kuusikia kwake, "Mama, amahoro, amani kwako. Hayo ni maji ya dua?"

"Ni maneno ya Mungu."

"Basi tusiyamwage. Kunywa hawezi, hata maji yangu mimi simpi. Na hapa kifuani, hata mkono wangu mtupu siugusishi. Lakini miguu ni mizima. Mupake miguu."

Shangazi akafikiri. "Miguu?"

"Ndiyo itakayomrudisha nyumbani."

Shangazi Wema akapiga magoti, akampaka Tahira nyayo na vifundo akisoma. Pascasie alisimama kimya hadi mwisho, mikono nyuma, kama mtu aliye kanisani. Kisha akamwonyesha Shangazi ndoo kwa kidole. Shangazi akanawa.

Jumanne, 6 Machi

Idi Kubwa. Hakimu amefika kutoka Kabonga. Njiani wanajeshi walimsimamisha mara tatu. Ameleta kuku. Tahira akaomba kunusa tu. Tukamleta sufuria karibu, akavuta harufu, akafumba macho, akasema, "Samaki mukeke wa kukaanga kwa mawese. Nikipona nataka hiyo, kuku wenu kaeni naye."

Siku ya nane. Hakuna homa.

Ijumaa, 9 Machi

Leo nimemuona Pascasie mikono kwa karibu. Ngozi imechunika kati ya vidole, nyekundu, kama mikono ya dobi. Nikamuuliza kama inauma. Akasema inauma ikiguswa na alkoli. Yaani inauma mara thelathini kwa siku.

Tulikuwa tumekaa kwenye kibaraza, mvua inakatika. Ndipo akaniambia, bila mimi kuuliza. Kabla ya hapa alikuwa kwenye hospitali nyingine, milimani, ambayo sasa imechomwa. Mwaka mmoja kabla ya kuchomwa waliwatia watu watatu mirija kama hii, ile ya kawaida isiyo na dawa. Wote walikuwa wamevuka upasuaji. Wote walipata homa, siku ya tano, ya sita, ya tisa. Wote walikufa.

"Mmoja alikuwa mutoto wa shule. Wa tatu alikufa nikiwa zamu mimi. Nikakaa nikajiuliza, nani ameushika mrija huu siku tisa? Nikawahesabu. Watu kumi na mmoja, Mwarimu. Walionawa hata siwajui. Na mimi mwenyewe kuna mara mbili sikumbuki kama nilinawa. Tulikuwa na majeruhi wengi, nilikuwa nakimbia."

Akaikunja ile mikono yake mapajani.

"Hii ya dawa ilipokuja nilimshukuru Mungu," akasema. "Lakini wale wazungu waliniambia jambo moja, na wewe lijue. Dawa inaisha nguvu. Wiki mbili hivi, imechoka. Dada yako atahitaji mrija wiki nne. Wiki mbili za kwanza dawa inatusaidia. Za mwisho tutakuwa peke yetu."

Nilimdhania mtu mwenye kiburi. Nimekosea.

Jumatatu, 12 Machi

Mizinga vilimani tangu alfajiri. Siku ya kumi na nne. Hakuna homa.

Jumatano, 14 Machi

Jana sikuandika. Naandika yote leo.

Saa mbili asubuhi makombora yalianguka karibu na soko. Mji mzima ukakimbilia ziwani. Dokta akasema anayeweza kubebeka abebwe, asiyeweza abaki naye. Hakimu akaja anahema: boti yake iko ufukweni, ina mafuta, ina nafasi, lakini ni sasa hivi.

Nikamwambia Pascasie, "Twende wote." Akatikisa kichwa. Kulikuwa na askari aliyekatwa mguu juzi na mama aliyetoka Muhuta, aliyepasuliwa kujifungua usiku uliopita. Hawakuweza kusogezwa.

"Mimi nabaki na hawa. Wewe utakwenda na mrija."

"Mimi ni mwalimu wa darasa la tatu!"

"Ndiyo maana. Unajua kusikiliza na kurudia." Na huku akinawa. Kishindo kikaanguka, dirisha likatikisika, yeye akaendelea kusugua kati ya vidole. Akafunga seramu, akasukuma maji ya chumvi ndani ya mrija, akabana kibanio, akasugua mdomo kwa alkoli. Akasubiri ukauke. Wallahi alisubiri! Watu wanapiga kelele nje, Hakimu analia "Haraka, mama, haraka," na yeye anahesabu. Ndipo akatia kifuniko, akafunika shashi mpya, juu yake nailoni safi, akabandika plasta pande nne.

"Rudia," akaniambia.

"Usilowe. Usiguswe. Kibanio kisifunguke, hewa itakwenda moyoni. Nikilazimika kugusa, sabuni, kisha alkoli, kisha nisubiri."

"Na kifuniko kikitoka?"

"Nitakirudisha."

"Hapana! Kilichoanguka hakirudi. Bana mrija kwa vidole vyako, vilivyonawa, mulaze kichwa chini, muniletee. Rudia."

Nikarudia. Akanipa kipande cha sabuni na kichupa cha alkoli, akanisukuma mlangoni.

Tulimbeba Tahira kwenye mlango uliong'olewa. Ndani ya boti tulikuwa watu ishirini na wawili. Mvua ikaja ile ya masika yenyewe, huoni nchi kavu wala maji. Chini ya boti palikuwa na maji yenye magamba ya samaki, yakipanda kila wimbi. Nilimlaza Tahira mapajani mwangu, bega la kulia juu, nikalifunika kwa khanga mbili na turubai, na juu ya turubai nikaweka mgongo wangu.

Mama mmoja alitaka kumweka mwanawe aliyelowa pale pale penye turubai. Nikamwomba radhi, nikamsukuma. Hakimu aliacha kukumba maji, akaona plasta ya pembeni imebanduka, akanyoosha mkono kuibandika. Mkono wenye mafuta na utelezi wa samaki. Nikaupiga kofi.

"Umenawa?"

Akanitazama kama nimeingiwa na jini. Tahira, macho yamemzama kwa njaa, na mawimbi yanatutupa, akacheka. Alicheka mpaka nikaogopa mshono wake.

Niliosha mikono kwa maji ya mvua na sabuni, nikapaka alkoli, nikasubiri, nikabandika plasta. Nilihesabu mpaka thelathini kwa sauti, na watu kwenye boti wakanyamaza kunisikiliza.

Tulishuka ufuko mmoja upande wa kusini, tukalala kwenye kibanda cha kuanikia ndagala, dagaa wa huku. Tahira alikuwa amekauka. Pascasie alikuwa amenipa ruhusa ya kumlowesha ulimi tu. Asubuhi tuliambiwa waasi wamerudi juu, tukarudi.

Kutoka ufukweni hadi ghalani niliomba dua moja tu, na haikuwa ya Tahira. Nilimwomba Mungu nimkute yule mwanamke hai.

Kona moja ya paa haikuwapo. Vioo vimetapakaa. Pascasie alikuwa kwenye ndoo, ananawa. Hakutusalimu. Alitazama bega kwanza, akafungua nailoni, akafungua shashi, akainama mpaka pua inakaribia ngozi.

"Kavu," akasema. Kisha akainuka, macho mekundu kwa kukesha, akanishukuru kwa Kirundi. "Murakoze, Mwarimu. Murakoze cane."

Askari yupo. Mama wa Muhuta yupo, na mtoto ananyonya. Dokta amelala sakafuni na viatu vyake.

Ijumaa, 16 Machi

Homa.

Ilianza saa nne asubuhi. Meno yanagongana, kitanda kinatetemeka, nyuzi thelathini na tisa na nusu. Siku ya kumi na nane. Dawa ya mrija imechoka, na mtu wa mwisho kuugusa nje ya wodi ni mimi. Ni ile plasta. Ni yale maji ya mvua. Nimemwua mdogo wangu kwa vidole vyangu.

Dokta alikuja, akapima, akakunja uso. "Tuutoe mrija. Sasa."

Pascasie akasimama kati yake na kitanda.

"Dokta, ukiutoa, atalishwa na nini? Mishipa haina. Kuutia mwingine ndani ya damu yenye homa, unajua mwenyewe."

"Na ukiwa ndio unaomwua?"

"Ngozi ni safi. Hakuna usaha, hakuna wekundu. Na nimeangalia saa: baridi haikumshika nilipopitisha maji kwenye mrija, ilimshika saa mbili baadaye. Ingekuwa mrija, angetetemeka papo hapo. Naomba tupime malaria kwanza. Nusu saa tu, Dokta."

"Nusu saa ni nyingi."

"Najua. Ndiyo maana ninakuomba wewe, siombi mwingine."

Dokta akaitazama saa yake. Akasema, "Nusu saa."

Asmani wa maabara akamtoboa kidole. Umeme haukuwepo, basi akaisogeza darubini dirishani, akageuza kioo chake kutafuta jua kati ya mawingu. Jua linatoka, linajificha. Nilisimama nyuma yake nikimhesabia dakika kama mwendawazimu. Ya ishirini na tatu akasema, bila kuinua jicho, "Iko. Malaria. Iko tele."

Nilikaa chini pale pale kwenye saruji nikalia.

Pascasie akachuchumaa mbele yangu. Ndiyo mara ya kwanza kuniita kwa jina. "Mwanahamisi, sikiliza. Si plasta yako. Na mbu wa ufukweni juzi pia siye. Malaria haiamki kwa siku mbili. Hii aliingia nayo hapa hospitali."

Dokta akacheka kwa uchovu. "Dada, umenishinda."

"Bado," akasema Pascasie. "Kwinini ianze leo. Na kesho kutwa homa isiposhuka, mrija nitautoa mimi mwenyewe."

Jumapili, 18 Machi

Nyuzi thelathini na saba. Alhamdulillahi. Tahira anauliza kama kuna mtu amemfulia khanga.

Jumatano, 21 Machi

Mvua. Siku ya ishirini na tatu. Hakuna homa. Mfuko wa tumboni leo umepata vijiko viwili tu.

Jumatatu, 26 Machi

Jeraha limekauka tangu juzi. Dokta amempa Tahira maji ya kunywa, kikombe kidogo. Wodi nzima ilikuwa inamtazama akinywa, hata askari wa mguu mmoja amejiinua. Alikunywa, akajipangusa mdomo, akasema, "Hayana chumvi." Watu wakashangilia kama bao limefungwa.

Alhamisi, 29 Machi

Mrija umetoka. Siku thelathini na moja.

Tahira anakula uji tangu juzi, haukuwa na kazi tena. Pascasie akakata ule uzi mmoja, akamwambia avute pumzi aizuie, akauvuta taratibu. Ukatoka wote. Akaushika kwenye mwanga, akauzungusha, akautazama ncha. Nami nikautazama. Kitu chembamba, kirefu kama kiganja na nusu. Ndicho kilichomlisha mdogo wangu mwezi mzima. Pascasie akabonyeza shashi begani mwa Tahira kwa dakika kumi, na safari hii alikuwa anazungumza, akimwuliza vitumbua huwa anaweka iliki au haweki.

Jumatano, 4 Aprili

Tumerudi nyumbani jana. Tahira ametembea mwenyewe kutoka kwenye boda ya baiskeli hadi mlangoni, ameshika ukuta.

Leo asubuhi Pascasie amekuja kwetu, mara ya kwanza. Alivaa gauni la kawaida, nusura nisimtambue. Shangazi Wema ndiye aliyemwekea kiti. Haja yake ilikuwa barua. Mirija imebaki miwili katika ile kumi na miwili, na msafara wa malori unaondoka kesho asubuhi kwenda Bujumbura. Anataka kuwaandikia wale madaktari walioituma. Kifaransa chake cha kuandika hakiamini, akaomba changu.

Tukakaa mezani. Yeye alisema, mimi nikaandika. Kwamba wagonjwa kumi wametiwa. Kwamba mmoja amefariki, kwa jeraha la kichwa. Kwamba hakuna hata mmoja aliyepata homa ya damu kwa ajili ya mrija. Nikataka kuandika kwamba mirija hii ni ajabu ya karne, akanizuia.

"Andika kwamba kumi ni wachache, hatuwezi kujua sana. Andika kwamba imetusaidia mwanzoni, wakati mtu ni dhaifu kabisa. Na uandike tunahitaji sabuni na alkoli vilevile. Wasije wakaleta mirija tu."

Niliandika yote hayo. Kisha, nikiwa nimeshika kalamu, nikaongeza sentensi moja yangu. Niliandika kwamba katika ghala hili la mawese yuko muuguzi anayeitwa Pascasie, ambaye siku ya makombora alisubiri alkoli ikauke. Kwamba mimi nilikuwepo. Na kwamba kama dada yangu yu hai leo, nusu ni ya dawa iliyopakwa kwenye mrija, na nusu ni ya mikono ya mwanamke huyo.

Nikamsomea. Akasikiliza hadi mwisho, akachukua kalamu mkononi mwangu, akaikata sentensi ile kwa mstari mmoja ulionyooka.

"Hiyo haihusu kazi," akasema. "Uandike upya, iwe safi. Nitaipitia kesho alfajiri, niipeleke kwenye lori."

Akanywa chai, akala vitumbua viwili alivyopika Tahira akiwa amekaa kwenye kigoda, akaaga.

Nimeiandika upya kwa mwandiko wangu mzuri, ule wa ubaoni. Sentensi nimeirudisha mahali pake. Kisha nimeitia bahasha, nimeibandika gundi, na nimeipeleka mwenyewe kwa dereva wa lori, jioni hii hii.